Daftari Zetu na Daftari Zao



Kamati yenu imepokea barua kutoka kwa wanunuzi wa viungo wa ng'ambo. Barua ni ya adabu na maneno yake si mengi. Wanasema wanazipenda karafuu za visiwa vyetu, na bei wataongeza kidogo juu ya ile ya soko. Lakini wanataka kila gunia liwe na namba yake, na namba hiyo ikitazamwa katika kompyuta ionyeshe shamba karafuu zilikotoka, jina la mwenye shamba, siku zilipochumwa, siku walizokaa jamvini, na unyevu wake zilipofungwa. Khabari zote hizo zitakaa katika kompyuta zao, nasi tutapewa njia ya kuzijaza kwa simu. Jambo hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, na nyinyi ndio mtakaokata shauri.

Tangu barua hiyo kusomwa tumesikia maneno ya namna mbili. Vijana wanasema tutie saini kesho asubuhi. Wazee wanasema tuichane. Sisi hatuko na hawa wala na wale. Twaona barua hii ina kheri ndani yake, lakini twaona pia kuwa mtu akiingia katika daftari ya mwenziwe hali hana daftari yake mwenyewe, ameingia kama mzigo, si kama mfanya biashara. Na hili hatulitoi kichwani mwetu. Wapo watu wa Bara waliokwisha kulipitia, tena kwa bidhaa ya thamani kubwa kuliko yetu. Twataka kuwaeleza yaliyotokea katika nchi ya dhahabu, huko Shinyanga na Geita.

Mtauliza: karafuu na dhahabu ni wapi na wapi? Sikilizeni kwanza. Dhahabu siku hizi si ya bangili na vipuli tu. Ndani ya kila simu mliyo nayo mfukoni mna dhahabu kidogo, nyuzi zake nyembamba kuliko unywele, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Viwanda vya simu, kompyuta na vyombo kama hivyo hutumia mamia ya tani za dhahabu kwa mwaka. Nayo simu moja haitengenezwi na mtu mmoja. Yupo aliyechimba, yupo aliyesafisha, yupo aliyefua waya, yupo aliyetengeneza kipande, yupo aliyeunganisha vipande, na yupo aliyeuza. Kila mmoja ni kampuni mbali, na kila kampuni ina daftari yake, vipimo vyake na namna yake ya kuita vitu. Mzigo unapopita kutoka mkono huu kwenda mkono ule si taabu. Khabari za mzigo ndizo zinazokataa kupita.

Msidhani hii ni taabu ya masikini. Mwaka 1998 makampuni makubwa ya kompyuta ya Marekani, Intel na Cisco yakiwamo, yaliunda jumuiya waliyoiita RosettaNet. Jina hilo walilitoa kwenye lile jiwe lililopatikana Misri mwaka 1799, lenye maneno yale yale kwa maandishi ya namna tatu, ambalo wataalamu walilitumia kujifunza kusoma maandishi ya Mafirauni. Sababu ya kuunda jumuiya ni kuwa makampuni hayo, pamoja na elimu yote waliyo nayo, yalikuwa hayasomani. Kipande kimoja kilikuwa na namba hii kwa muuzaji na namba nyingine kwa mnunuzi. Huyu alihisabu kimoja kimoja, yule alihisabu kwa roda. Wakakaa wakapatana majina, vipimo, na mpango wa nani aandike nini na lini. Wakubwa walifaidika sana. Wadogo waliowauzia wakubwa hao waliona gharama ya kujiunga ni nzito kwao, lakini wasipojiunga biashara hawapati. Hapo mnakwisha kuiona barua yetu.

Sasa twende Kahama.

Yupo kijana wetu mmoja, mtoto wa mwanachama wa Chama hiki, aliyehamia Kahama miaka mingi nyuma kwa biashara. Jina lake hatulitaji, wala hatuwataji waliokuwa wakinunua kwake, kwani sisi tumesikia maneno ya upande mmoja. Alikuwa akipeleka mayai, vitunguu na ndizi katika kambi moja ya wafanya kazi wa mgodini. Mwanzo alikuwa akishusha mzigo, akipewa karatasi yake, na mwisho wa mwezi akilipwa. Kisha ukaja utaratibu wa kompyuta. Agizo likaja kwa kompyuta, ankara ikapelekwa kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo ikawa inalinganisha mambo matatu: kilichoagizwa, kilichopokewa bohari, na kinachodaiwa. Matatu hayo yakikubaliana, fedha hutoka. Yasipokubaliana, hakuna anayekwambia neno.

Siku moja akaletewa agizo la mayai 3,000. Akapeleka trei 100, na ni sawasawa, maana trei moja ni mayai 30. Karani wa bohari akahisabu trei, akaandika 100. Kijana wetu naye katika ankara yake akaandika 100. Kompyuta ikaona agizo la 3,000 na mzigo wa 100, ikajua kwa akili yake kuwa mayai 2,900 hayajaletwa, ikafunga malipo. Hakuna aliyeiba wala aliyesema uwongo. Mayai yenyewe yalikuwa yamekwisha kuliwa zamani. Lakini kijana wetu alikaa miezi mitatu bila ya fedha zake, na mtaji alikuwa ameukopa. Kila alipokwenda lango la kambi aliambiwa kuwa mtu anayeweza kuifungua hisabu hiyo hayuko Kahama. Akauza pikipiki yake kulipa deni. "Bwana Katibu," alituambia alipokuja kwa Idi, "mimi najua kuuza mayai tangu mtoto. Sikujua kuwa yai lina jina mbili."

Kanuni za madini za mwaka 2018 ziliwataka wenye migodi kutanguliza bidhaa na huduma za Watanzania, na kampuni ya kigeni inayotaka kuuza mgodini ishirikiane na ya Kitanzania yenye hisa zisizopungua 20 kwa mia. Ni kanuni nzuri, nasi twaziunga mkono. Lakini sheria hufungua mlango tu. Kumfundisha mtu kusoma daftari iliyo ndani ni kazi nyingine, na kijana wetu alifunguliwa mlango.

Hiyo ni khabari ndogo. Iko kubwa, nayo yajulikana na kila mtu aliyekuwa akisikiliza redio mwaka 2017.

Mgodi wa Bulyanhulu uko katika mkoa wa Shinyanga, si mbali na Geita. Mwamba wake una dhahabu iliyochanganyika na shaba na fedha. Sehemu ya dhahabu hutolewa pale pale, na sehemu nyingine hubaki ndani ya mchanga wa shaba, ambao ndio ule watu walioupa jina la makinikia. Mchanga huo ulikuwa ukitiwa katika makontena na kupelekwa ng'ambo kuyeyushwa, maana hapa nchini hapakuwa na kiwanda cha kazi hiyo. Basi angalieni namna biashara hii ilivyo. Anayeuza na anayenunua hawauzi kitu wanachokiona. Wanauza mchanga, na thamani yake yote imo katika kipimo. Kwa hiyo desturi yao ni kuchukua vionjo kutoka katika mzigo, kila upande ukapima kwake, wakabadilishana majibu, na yakikaribiana wakagawa katikati. Yakitofautiana sana, kionjo kilichotiwa muhuri hupelekwa kwa mpimaji wa tatu na neno lake huwa ndilo la mwisho. Baina ya kampuni na kampuni jambo hili huenda vizuri, kwa kuwa wamepatana tangu mwanzo.

Aliyekosekana katika mapatano hayo ni mwenye ardhi. Serikali ilikuwa na wakala wake wa ukaguzi wa madini, wenye kupima na kuandika, lakini siku ilipofika imani juu ya daftari hizo ilikuwa imekwisha. Machi 2017 Serikali ikazuia makinikia kwenda nje. Makontena 277 yakazuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Rais John Magufuli akaunda kamati chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, na mwezi Mei kamati ikaeleza kuwa katika kila kontena imeona wastani wa kilo 28 za dhahabu, hali karatasi zilizokuwapo zilionyesha kilo 4 tu. Kampuni, wakati ule ikiitwa Acacia, ilikanusha. Mwezi wa Julai ikaletewa madai ya kodi na adhabu yaliyofika dola bilioni 190.

Sisi si wapimaji wa madini, na hatutajitia kuamua nani alikuwa na haki baina ya 4 na 28. Jambo lililotushika ni kuwa mzigo ulikuwa mmoja, umefungwa, umesimama mahali pamoja, na bado palikuwa na namba mbili zisizokaribiana hata kidogo. Ikiwa watu wenye maabara, wanasheria na maprofesa wamefika hapo, je, mzee wetu mwenye gunia lake moja la karafuu na kalamu ya kuazima?

Na khasara ilimfika nani? Bulyanhulu kazi zilipunguzwa sana mwaka ule ule, na wafanya kazi wengi wakarudi makwao. Serikali ilikosa mapato ya mchanga uliosimama. Wenye hisa walikosa faida. Mwisho Barrick ikaichukua Acacia yote mwaka 2019, na Januari 2020 ikatiwa saini ile mikataba iliyoanzisha kampuni ya Twiga, Serikali ikiwa na hisa 16 kwa mia katika migodi yenyewe na pande mbili zikigawana faida ya kiuchumi nusu kwa nusu. Madai ya dola bilioni 190 yakaishia kwenye dola milioni 300, zilizoanza kulipwa 2020. Wengine hutazama fedha tu katika mapatano hayo. Sisi twaona lililo kubwa ni kuwa Serikali sasa inakaa ndani, katika meza inapofunguliwa daftari, na hailetewi karatasi baadaye ikaambiwa hii ndiyo hisabu.

Wazee wetu wa visiwani walikwisha kuyaona mambo ya namna hii kabla sisi hatujazaliwa. Mwaka 1937 sheria ya karafuu ilitia biashara ya kupeleka karafuu nje katika mikono ya chama cha wakulima cha wakati ule, kilichoanzishwa 1927. Wafanya biashara wa Kihindi walikataa, na India, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ikazisusia karafuu zetu hata yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Karafuu zilikaa ghalani. Kufunga mlango ni silaha, hatukatai, lakini huwaumiza walio pande zote mbili za mlango, na yule mwenye akiba ndogo huumia mwanzo. Kwa sababu hiyo hatuwaungi mkono wanaosema barua ichanwe.

Sasa yako ya wachimbaji wadogo, na haya ndiyo yanayotufanana zaidi.

Mchimbaji mdogo wa Geita ana duara lake, au ana sehemu katika duara la mwenziwe. Mawe hupelekwa karashani kusagwa, unga ukaoshwa mwaloni, dhahabu ikakamatwa kwa zebaki na kuchomwa. Zamani aliuza kwa broka kwa bei ya broka na kwa mizani ya broka, wengine usiku. Mwanzo wa 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo ile kodi ya ongezeko la thamani ya 18 kwa mia na ile ya zuio ya 5 kwa mia, na Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu Geita, la kwanza katika nchi. Baadaye mikoa mingine ikafuata. Sokoni humo muuzaji, mnunuzi na mtu wa Serikali hukaa pamoja. Dhahabu hupimwa usafi wake mbele ya macho ya wote, ikawekwa mizanini, bei ya siku ikatazamwa, mrabaha wa 6 kwa mia na ada ya ukaguzi ya 1 kwa mia vikatolewa, na karatasi ikaandikwa. Mwenye dhahabu huondoka akijua alichouza. Kwa maoni yetu hakuna jambo la maana kuliko hilo lililofanyiwa wachimbaji wadogo wa nchi hii, na halikuhitaji mtambo wa ajabu. Lilihitaji mizani moja na watu watatu kuitazama.

Lakini karatasi ile huanza mezani pale. Nyuma ya meza haioni vizuri. Karashani unga wa maduara kumi huweza kupita katika mashine moja siku moja, na broka mmoja huweza kukusanya vijipande vya watu ishirini akaviyeyusha kuwa kipande kimoja. Ukiuliza kipande hicho kimetoka duara gani, umeuliza kikombe cha maji ya kisima kimetoka mvua gani.

Na hilo hasa ndilo wanaloulizwa. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zinazouza hisa huko zieleze kama dhahabu, bati na madini mengine mawili yaliyomo katika bidhaa zao yametoka Kongo au katika nchi zinazopakana nayo, ili fedha zisiwafikie wenye bunduki. Tanzania yapakana na Kongo. Basi mchimbaji wa Geita ambaye hajapata kuiona Kongo akajikuta naye amo katika swali. Ulaya nayo ikaanza utaratibu wake Januari 2021. Mwenye kiwanda cha simu humwuliza aliyemwuzia kipande, naye humwuliza aliyemwuzia waya, naye humwuliza msafishaji, swali likashuka hivyo kampuni kwa kampuni hata likafika kwa mtu aliyesimama katika maji ya mwalo, asiyejua kuwa kuna fomu. Kule Kongo ya mashariki wanunuzi wengi, walipoona taabu ya kujibu, walichagua kutonunua kabisa, na waliopata khasara ni wachimbaji wasio na bunduki.

Tunayasema haya kwa sababu sisi nasi tuna makarasha yetu. Mwanachama anachuma za kwake, na za shangazi yake, na zile alizonunua mbichi kwa jirani aliyekuwa na haja ya fedha, akazianika zote katika jamvi moja. Mvua ikitisha, watu wawili hukusanya haraka wakatia gunia lililo karibu. Hakuna ubaya katika hayo. Ni maisha yetu. Lakini siku tutakapoandika namba ya shamba moja juu ya gunia hilo, tutakuwa tumeandika uwongo, na kompyuta huuhifadhi uwongo vizuri kama inavyouhifadhi ukweli.

Liko lingine, nalo ndilo linalotukosesha usingizi. Barua inataka jina la mwenye shamba. Ni nani huyo? Wapo kati yetu wenye eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Wapo wenye shamba la mirathi lisilogawanywa, ndugu saba na watoto wa ndugu waliokufa. Wapo waliokodi mikarafuu kwa msimu mmoja, karafuu ni zao lakini miti si yao. Leo tukitia jina la mkodi kwa kuwa ndiye aliyeleta gunia, kesho karatasi ya kompyuta kutoka ng'ambo itapelekwa mbele ya Kadhi au mahakamani kuwa ushahidi wa shamba. Tukitia jina la kaka mkubwa, dada zake watauliza wao wako wapi. Mnunuzi hana nia mbaya; yeye anataka nafasi moja ijazwe jina moja. Nafasi hiyo imefanywa na mtu asiyejua mirathi yetu, kama ile kompyuta ya Kahama iliyofanywa na mtu asiyejua trei.

Wala tusijidai kuwa daftari yetu ni safi. Msimu uliopita sisi wenyewe, hapa ofisini, tulimwandikia mwanachama mmoja magunia ya mwenziwe, kwa kuwa jina lao ni moja, la baba ni moja na la babu ni moja, na wanakaa vijiji vinavyotazamana. Mmoja alilipwa zaidi, mwingine alipungukiwa. Aliyelipwa zaidi alizirudisha mwenyewe kabla hatujagundua, Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini kosa lilikuwa letu, na lingekuwa katika kompyuta ya ng'ambo tungelitafuta hata leo.

Basi rai yetu ni hii. Tuwajibu wanunuzi kuwa tunakubali, lakini daftari ya kwanza iwe yetu. Tuiandike sisi, kwa Kiswahili, ofisini kwetu, kila mwanachama kwa namba ya kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi na si kwa jina peke yake, na wao wanakili kutoka kwetu. Namba ya gunia iwe ya Chama. Wakiondoka kesho wakaja wengine, khabari zetu zibaki kwetu, tusianze upya kama watu waliohama nyumba. Ndani ya daftari hiyo pawe na mahali mbali mbali pa kuandika mwenye shamba au wenye shamba, aliyekodi, na aliyeleta gunia, na iandikwe wazi juu ya kila ukurasa kuwa si hati ya ardhi. Penye mchanganyiko tuandike mchanganyiko. Huenda gunia la namna hiyo lisipate ile nyongeza ya bei, na iwe hivyo.

Kipimo kiwe kilo peke yake. Twajua pishi ni ya wazee na wachumaji wanalipwa kwa pishi, na baina yetu na wachumaji iendelee. Lakini isiingie katika karatasi zinazokwenda nje, tusije tukapata mayai yetu wenyewe.

Juu ya vionjo, hapa tusikubali kulegea. Karafuu zitapimwa unyevu hapa, na zitapimwa tena zitakapofika kwao baada ya wiki nyingi za bahari. Namba hizo mbili haziwezi kuwa moja, hata kila mtu akiwa mwaminifu. Kwa hiyo bambo litiwe guniani mbele ya mwenye karafuu, juu, katikati na chini, si pembeni peke yake. Vionjo viwe vitatu, kimoja chao, kimoja chetu, cha tatu kitiwe muhuri wa pande mbili kikae kwa ajili ya mpimaji wa tatu tukikhitilafiana. Na gharama ya huyo wa tatu ilipwe na yule atakayeonekana kipimo chake kilikuwa mbali zaidi. Hivyo ndivyo wauzaji wa makinikia na wenye viwanda wanavyofanya wao kwa wao, nasi hatuoni kwa nini karafuu ipate heshima ndogo kuliko mchanga. Kamati imekwisha kuuliza bei ya chombo cha kupimia unyevu. Si rahisi, lakini mchango wa msimu mmoja unatosha, na bila ya chombo hicho mazungumzo yote haya ni bure.

La mwisho ni malipo. Barua inasema fedha zitatoka "baada ya khabari zote kulingana." Maneno hayo tumeyasoma mara tatu, na kila mara tulimkumbuka kijana wetu wa Kahama. Tunataka yabadilishwe. Sehemu kubwa ya fedha ilipwe siku karafuu zinapopokewa, na iliyobaki iwe na siku yake maalumu. Na khabari zisipolingana, mnunuzi alazimike kutuandikia katika siku zisizozidi saba kueleza ni kipi hakikulingana, na kututajia mtu wa kuzungumza naye, mwenye simu inayopokewa. Wakikataa hili tutajua wanataka biashara ya namna gani.

Wapo katika Kamati wanaoona masharti haya ni mengi na yatawakimbiza. Wana haki ya kusema hivyo mkutanoni, na tumewaomba waseme. Sisi hatudhani. Mtu anayetaka kujua karafuu zimetoka shamba gani ana wateja wanaomwuliza kwa ukali kuliko sisi tunavyomwuliza, na jibu la kweli halipati mahali pengine ila kwetu.

Siku ya Mkutano Mkuu imebandikwa katika matawi yote. Kila mwanachama aje na kitambulisho chake na stakabadhi za misimu miwili iliyopita, hata zilizoloa. Wenye mashamba ya mirathi waje wote, au wamtume mmoja mwenye barua ya wenziwe, wanawake na wanaume. Waliokodi waje pamoja na waliowakodisha ikiwezekana, tuandike mbele ya wote. Na mwenye bambo la zamani nyumbani, tunaomba atuazime kwa siku hiyo. La ofisini limevunjika ncha.

Katibu